Kazungu na Touchpad Iliyosahau Kila Jumatatu

Jamani, akili yangu inakataa. Kazungu, fundi wa kompyuta wa ofisi yetu ya kuuza samaki Liwatoni, hayupo. Jumatano presha ilimwangusha nyumbani kwake Tononoka, na Jumamosi tukamzika kwao Kaloleni.

Mtu aliyenitengenezea touchpad, kile kibao cha kugusa cha laptop, kila Jumatatu mwaka mzima! Sasa nani?

Laptop yangu kuukuu aliitia mfumo wa Linux. Ikawa nikigusa, haisikii. Nabonyeza mpaka kidole kinaota sugu.

"Dada Zuhura, huo si unga wa chapati!" Kazungu akanicheka, akafungua dirisha jeusi la kuandikia amri, akaandika mistari mitatu. Ukigusa kwa kidole kimoja, yafungua. Viwili, menyu. Vitatu, yabandika maneno uliyoyatia alama.

Hivyo vitatu ndivyo vilivyoniponza. Nilikuwa nimetia alama mapishi ya mama, kisha nikiandika barua pepe nikapumzisha vidole vibaya. Barua ikaenda kwa mteja: "Samaki wenu watafika Alhamisi. Wakamulie ndimu, wageuze wasiungue."

Bosi akaja juu. Kazungu, uso mkavu: "Ni system, bosi." Mteja naye akajibu kuuliza ndimu ngapi. Wallahi tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Ila shida ilikuwa moja. "Mipangilio hii yapotea ukizima mashine," aliniambia. "Wewe zima Ijumaa tu. Na Jumatatu usiiwashe kabla sijafika, utaikoroga."

Basi kila Jumatatu nikipitia Makadara kuchukua mahamri na mbaazi. Anakula sita, anaandika dakika moja. "Ishapona, dada."

Tangu Jumatano sikuizima laptop. Sikutaka kazi ya mkono wake ipotee. Hata mazikoni nilikwenda nayo, na chaja mkobani. Watu walinitazama, nikawatazama.

Leo Jumatatu asubuhi stima ikakatika, betri nayo ikafa. Nililia mbele ya wateja, bila haya.

Stima iliporudi nikawasha. Nikagusa kwa kidole kimoja.

Ikafungua! Viwili, menyu. Vitatu, ikabandika. Nikalitafuta faili la mipangilio, na juu kabisa Kazungu ameandika: "Hii ni ya kudumu. Zuhura asijue, mahamri yatakatika."

Mwaka mzima, Kazungu! Mwongo mkubwa wewe! Nimekukasirikia, na nimekukosa mno.

Mahamri yako sita nimeyanunua leo pia, kwa mazoea. Yapo hapa mezani, yamepoa.

Lala unono, ndugu yangu. Ungeniambia ukweli, mahamri yasingekatika.