Pipa la Pombe ya Harusi

Juzi nilipanga foleni kwenye stoo ya shamba moja la ngano la serikali, huku kwetu Hanang, nikitafuta magunia. Mbele yangu alikuwa mama mmoja mtu mzima kutoka Mogitu. Alitaka pipa la kuchachushia pombe ya harusi ya binti yake. Mtunza stoo akamgongea pipa tupu la bluu lililokuwa na dawa ya kuua magugu.

"Hili ni zima kabisa, mama. Halivuji."

Mama akalizungusha, akaweka kidole juu ya picha ya fuvu la mtu. "Na huyu aliyekufa ni nani?"

"Hiyo ni nembo ya kiwanda tu. Lisuuze na majivu, harufu itaisha."

Nilishindwa kunyamaza. "Shikamoo mama. Pipa hilo lilikuwa na sumu. Utaua watu."

"Marahaba," akajibu, huku akiuondoa mkono wake haraka kama aliyeungua. Akamgeukia mtunza stoo. "Wewe ulijua?"

"Mbona wenzako wanayachukua kila siku na hawalalamiki?"

"Wewe ungeinywa pombe hiyo?" nikamuuliza.

Akacheka. "Mimi nakunywa bia ya chupa."

Mama akaondoka bila kumuaga, akaenda kuazima mitungi kwa majirani. Mtunza stoo akalisukuma pipa lile kwa mguu hadi kwa mteja aliyekuwa nyuma yangu.

Wanasema magugu ya shamba lile yamekaribia kwisha. Kwa mwendo huu, baada ya magugu ni zamu yetu.