Dagaa Wasio na Mchanga

Mama yangu humtumi dukani ukiwa na haraka. Duka la chumvi lilikuwa mwisho wa uchochoro wetu, lakini yeye aliweza kumaliza saa nzima njiani akisalimia. Wakubwa aliwaamkia, Wasukuma wenzake aliwapa salamu ya mwangaluka kamili mpaka habari za ng'ombe, na asiyemjua kabisa ndiye aliyesimama naye zaidi. Mimi nilikuwa namvuta kanga nusura imdondoke. Nina hasira za karibu tangu utotoni, sifichi.

Baba alikuwa fundi ujenzi. Alipoanguka kazini akaumia mgongo, mama ndiye akabaki wa kutulisha. Akaamua kuuza dagaa. Nilicheka. Mwanza hii, kila mlango wa pili unauza dagaa, wewe utamuuzia nani?

Kumbe alishajua. Jirani yetu mmoja alikuwa amelazwa hospitali ng'ambo ya ziwa, Sengerema, na mama ndiye aliyekuwa anavuka na kivuko kumpelekea uji. Uji wa mgonjwa mmoja ukawa unanywewa na wodi nzima. Baada ya siku chache alikuwa anajua muuguzi yupi anajenga na yupi ana mtoto anayesumbuliwa na pumu. Aliwasikia pia wakilalamika kwamba dagaa wanaouziwa wamejaa mchanga, mtu anatafuna mpaka meno yanasisimka. Hakuwaambia kitu.

"Siku ya kwanza usiuze," aliniambia aliporudi. "Siku ya kwanza sikiliza watu wanakereka na nini."

Wengi mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha dagaa, walikuwa wanaanika chini, juu ya mchanga. Mama akaanika juu ya vichanja. Mbao alipewa na seremala ambaye msibani kwake mama aliwahi kupika siku tatu bila kuombwa. Nyavu kuukuu za kutandika alipewa na mwenye mtumbwi ambaye mke wake alijifungua mama akiwa pale. Hakununua hata msumari, jamani! Ndipo akavuka tena, safari hii na pakiti ya kuonjesha. Muuguzi mkuu wa wodi akamwambia alete mzigo wa watu wote, wakiridhika atakuwa anawaletea kila wiki.

Baba alituambia wazi mezani: oda ile ikishika, tunabaki mjini, isiposhika, tunarudi Misungwi kwa bibi tukalime. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo. Nilikula ugali ule bila kuusikia ladha.

Siku mbili kabla ya kupeleka mzigo, mama alifiwa na shangazi yake huko huko Misungwi. Akaniachia kazi ya kumalizia kufungasha. Mbalamwezi ilikuwa imeshaanza, na mwezi ukiwaka wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, kwa sababu dagaa hawafuati taa. Wa kwenye vichanja wakaisha, na pakiti zilizobaki tupu zilikuwa kumi na mbili. Ningeweza kumpigia simu mama. Nikaona namsumbua msibani, na kusema kweli nilitaka nionekane najua. Nikaenda mwaloni, nikanunua dagaa wa mchangani, nikawachekecha mara tatu, nikafungua pakiti zilizokwisha jaa, nikawachanganya na wetu, nikafungasha upya. Nikawatazama, wakang'aa. Nikajisifu kabisa.

Mama alirudi asubuhi ya safari, tukapanda kivuko cha Kamanga pamoja. Hatujafika mbali alishampata rafiki, mama mmoja aliyekaa naye benchi moja. Akafungua pakiti moja, akamtilia dagaa kiganjani aonje. Yule mama akatafuna, akaacha kutafuna, akatema taratibu kwenye leso.

"Wazuri," akasema, kwa adabu.

Mama akaonja mwenyewe. Kisha akanigeukia. "Umechanganya?"

"Walikuwa hawatoshi, mama."

"Pakiti ngapi?"

"Zote. Niliwamwaga pamoja."

Nilitamani anizabe kofi, ningelia yakaisha. Akaifunga ile pakiti. Mama yangu, mtu wa kuongea hata na mbuzi wa jirani, alinipa mgongo mpaka ng'ambo. Nikamwambia turudi, tuseme kivuko kiliharibika. Akaniangalia kama mtu asiyenielewa lugha. Nikamwambia basi tuwape, pengine hawataona. Hapo ndipo aliponijibu.

"Hawa watu nimewapata kwa kukaa nao. Sitawapoteza kwa kuwadanganya."

Wauguzi walitupokea varandani kwa shangwe, wengine wamekuja na mifuko yao. Mama akatua mzigo chini, akasalimia kila mmoja, akauliza hali ya yule mtoto wa pumu. Halafu akanisogeza mbele kwa mkono mgongoni. "Ongea."

Sijui nilisema nini hasa. Najua nilisema neno mchanga, na nilisema ni mimi, mama hakuwepo. Uso uliniwaka. Mmoja akasonya, mwingine akafunga mfuko wake. Nikaona tumeshakwisha, nikaliona jembe kabisa.

Leo vichanja vyangu ni vingi kuliko vile vya mama, na wapo wanawake wanaoniuliza nilisomea wapi biashara. Nilisomea pale kwenye varanda ya hospitali. Namshukuru Mungu kwa mama niliyepewa, na siku hiyo nilikuwa sijamshukuru hata kidogo. Nilikuwa namchukia kwa kunisimamisha pale.

Muuguzi mkuu alichukua dagaa mmoja, akamtafuna polepole, akatikisa kichwa. "Huu mzigo sichukui," akamwambia mama. "Mwezi ukishafifia leteni mwingine. Lakini dada, nani atanihakikishia?"

"Huyu," mama akasema.

"Huyu aliyechanganya?"

"Huyu huyu. Harudii tena. Namba yangu ifuteni, andikeni yake, awe ndiye mnayempigia."

Wakatoa simu. Nikafungua mdomo niitaje namba yangu mwenyewe, ninayoijua kama jina langu, ikagoma kutoka kwa kilio. Mama hakunisaidia kuitaja. Alinishika bega akasubiri, na wauguzi wakasubiri pamoja naye, vidole vikiwa juu ya simu.