Chumba cha Tano

Bwana wa kampuni alikuja jikoni kwangu na karatasi yenye picha ya mume na mke waliovaa nguo nyeupe, wamekaa mbele ya meli, wanamchekea kamba mkubwa aliyelazwa kwenye sahani. Kamba mwenyewe hata hakumenywa. Akaniambia anaanzisha safari za wapendanao, au kapo kama anavyowaita, siku tatu na malazi mawili, kutoka Amu kupitia Ndau hadi Kiwayu, kwa watu wa bara waliochoshwa na kazi zao na watoto wao. Alihitaji mtu wa kupanga vyumba na chakula.

"Madam, hii kitu lazima iwe na vaibu," akasema. "Watu wakae wawili wawili. Walale wawili wawili. Wakule wawili wawili."

Nilimtazama. Ana miaka arobaini na kitu, amevaa kofia ya jua ndani ya jiko langu, na anadhani yeye ndiye aliyegundua kwamba mume na mke ni wawili.

Mimi ni mpishi wa shughuli. Harusi, maulidi, hitima, zote nimezipikia, na sufuria zangu zinajulikana mpaka Chundwa nilikozaliwa. Mapenzi ya watu sijawahi kuyapanga, wala sikuwa na nia hiyo. Lakini yule bwana alisema neno moja likaninasa. Jahazi lingekuwa na vyumba vitano, na kwa safari ya kwanza alikuwa amepata kapo nne tu. "Hiyo ya tano ni yako na mzee wako," akasema. "Ndiyo asante yangu."

Niseme wazi nilichokitaka, maana mengine yote ni kelele. Nimeolewa miaka ishirini na sita na sijawahi kula na mume wangu. Kumpikia nimempikia, kila siku ya Mungu. Kula naye, sinia moja, yeye na mimi, hapana. Yeye hula sebuleni na ndugu zake na wageni wake na yeyote anayebahatika kupita mlangoni wali ukiwa umeiva. Mimi hula jikoni na mawifi, baada yao. Hata siku za fungate yetu, somo wangu, mama aliyenifunda, hakubanduka chumbani, amekaa pale pale anatazama nani ametia tonge gani. Ndivyo nyumba zetu zilivyo, na sikuwahi kulalamika. Lakini mtoto wetu wa mwisho alipoondoka kwenda chuo, nikaanza kulitamani jambo hilo kama mwenye mimba anavyotamani udongo. Mlo mmoja tu. Si lazima uwe wa kamba.

Basi nikapanga. Bwana wa kampuni alikuwa na menyu yake, sijui aliitoa wapi: supu ya maboga, nyama ya ng'ombe isiyoiva sawasawa, keki yenye umbo la moyo. Nikamuuliza keki hiyo itaokwa wapi katikati ya maji. Akasema tutaona. Akaniuliza kama naweza kupunguza nazi, kwa sababu wateja wake wanaogopa mafuta, na kama mkate wa mofa unaweza kukatwa kwa umbo la moyo. Unaweza. Hata ile kofia yake inaweza. Nikamwandikia menyu yangu: mofa na samaki wa kupaka siku ya kwanza, wali wa nazi na kamba siku ya pili, mahamri na mbaazi kila asubuhi, na tikitimaji kwa yeyote anayeona raha kukata mioyo. Meza alizitaka tano, ndogo, za watu wawili wawili, zenye mishumaa. Mishumaa, juu ya jahazi, wakati wa upepo wa kusi! Nikaandika mishumaa kwenye orodha na nikanunua taa za betri.

Meza zilipofika, moja nikaichora alama kwa kisu upande wa chini, ili niijue.

Jahazi lenyewe lilikuwa la mizigo. Maisha yake yote limebeba saruji na soda, kwa injini, na sasa lilikuwa limepandishwa ufuoni Matondoni, limeegemezwa magogo, mbele yake kumeelekea kaskazini. Mume wangu ni fundi wa mbao, naye ndiye aliyepewa kazi ya vyumba. Ni fundi kwelikweli, hilo simnyimi; mlango wake ukifungwa, unywele haupiti. Mchoro wa kampuni ulikuwa rahisi. Vitanda vilale kwa urefu wa jahazi, vyumba viwili kulia, viwili kushoto, na cha tano mbele kabisa, kidogo, chenye dirisha la duara. Nilikwenda kukiona wakati kingali mbao tupu. Nikasimama ndani yake. Nikaona meza itakaa wapi.

Siku ya nne ya kazi akatokea mwalimu wa madrasa, jirani yetu, mtu ambaye hawezi kupita mahali watu wanapofanya kazi bila kuacha shauri. Akatazama vitanda, akatazama jua. Kibla chetu sisi ni kaskazini, hilo anajua kila mtoto.

"Haya, mtu alale miguu imeelekea kibla?" akasema. "Na choo je? Mwenye kukaa atatazama wapi? Haya si mambo, bwana."

Nahodha, ambaye ni mtu wa Ndau, akasema ni kweli. Mume wangu akasema ni kweli. Mimi sina neno na kibla. Naswali sala zangu tano na adabu zake nazijua. Neno langu ni na wale wanaume watatu. Wiki mbili walikaa chini ya jahazi lile wakinywa kahawa yangu na kupima. Walivuta nyuzi. Walichora mistari ya chaki, wakaifuta, wakaichora tena mahali pale pale. Mwisho wakaafikiana kwamba vitanda vyote vikingame, vichwa viwe mashariki, ili mtu akilalia ubavu wa kulia uso wake uelekee kibla. Hivyo ndivyo tunavyolazwa kaburini, na aliye hai akilala hivyo ni sunna, najua. Lakini niliwakumbuka wale wawili wa kwenye picha, na nguo zao nyeupe, nikacheka peke yangu njia nzima.

Kicheko hakikudumu. Vitanda vilipokingama vilimeza upana wote wa jahazi, na ujia wa kupitia watu ukakosa pahali. Choo nacho kiligeuzwa ubavu na kikataka nafasi zaidi. Siku moja mume wangu akarudi nyumbani, akanawa, akala sebuleni na ndugu zake, kisha akanipitia jikoni.

"Kile chumba cha mbee," akasema, "kimekuwa ndia na choo."

"Chumba changu? Njia na choo?"

"Wageni ni wane na wake zao, na zumba ni zine. Yatosha. Sisi wenyeji, tutalala popote." Halafu akauliza kama kuna chai.

Nikampa chai. Mtu amechukua mlo nilioukosa miaka ishirini na sita, akaujengea choo juu yake, na bado anataka iliki. Nilimchukia siku ile, na sioni kwa nini niseme vingine.

Wiki moja kabla ya safari, kapo moja ya bara ikajitoa. Nikafunga mdomo nikangoja, maana chumba kilikuwa kimepatikana bila mtu kusumbuliwa. Bwana wa kampuni akampa mwalimu, yeye na mkewe, kwa shukrani ya ushauri. Mimi nikaambiwa nitalala jikoni, nyuma, na mume wangu juu na mabaharia.

Tukaondoka. Wageni walikuwa afisa mmoja na mkewe, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na mkewe, na walimu wawili waliooana juzi, wote Wakristo wa bara. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kitanda chake kimeelekea wapi. Wiki mbili za chaki zilikuwa za mteja mmoja, naye ndiye huyo huyo aliyetoa shauri.

Na wale wawili wawili? Mlo wa kwanza walikaa kwenye meza zao ndogo, kila mtu na simu yake. Mlo wa pili afisa akamwita mwenye duka waongee siasa, na mwalimu wetu wa madrasa akavuta kiti kusikiliza, na meza tatu zikaungwa. Wanawake wakahamia upande wangu, karibu na jiko, wakaniuliza samaki wa kupaka hupikwaje. Bwana wa kampuni alizunguka na kamera akiwasihi warudi. "Jameni, ni ya mapicha tu!" Watu wana kila kitu nilichokikosa, meza, chumba, mume amekaa mbele yao, na wanakiacha kama mtu anavyoacha ganda la ndizi. Niliwageuzia mgongo nikaosha sufuria.

Tukatia nanga Kiwayu. Asubuhi ya pili, mahamri yakiwa motoni, mwalimu akatoka chumbani kwake ameinua simu iliyokuwa na mshale wa kibla. Kilemba hakupata muda wa kukifunga vizuri.

"Nahodha!" akaita. "Nimelala miguu kibla! Ni nani aliyegeuza chombo?"

Nahodha akatazama mshale, akatazama ng'ambo.

"Mai," akasema.

Maji. Yalikuwa yameanza kujaa, na jahazi, kama kila chombo kilichowahi kutiwa nanga tangu dunia iumbwe, lilikuwa limegeuka kuyafuata. Mbele yake sasa ni mashariki, vichwa kusini, miguu imenyooka kaskazini, na choo kimetazama pale pale kilipokatazwa. Wanaume watatu waliozaliwa visiwani, mmoja wao nahodha, walisimama wakayatazama maji kama ndiyo kwanza wayaone. Kwa sababu jahazi lilikuwa limekaa nchi kavu miezi, limetulia kama nyumba, na nyumba haigeuki. Nami pia sikuliona hilo, lakini mimi sikuulizwa.

"Si muifunge isizunguke?" bwana wa kampuni akasema.

Mwalimu akaamua kwamba kitanda chake kifunguliwe na kigeuzwe, kisha maji yakigeuka, nacho kigeuzwe tena. Mume wangu akasema ewala, akachukua nyundo yake akashuka. Baada ya chai wageni wakapelekwa pwani kutembea mchangani, mwalimu na mkewe miongoni mwao, na nahodha, na bwana wa kampuni na kamera yake, na mabaharia wa kubeba maji na viti. Nikasikia nyundo chini. Nikatazama huku na huku. Jahazi zima lilikuwa na watu wawili.

Wali wa nazi ulikuwa umeiva mapema. Nikapakua sinia dogo, nikapanga kamba juu, nikaichukua meza yenye alama na viti vyake viwili nikavishusha kimoja kimoja mpaka chumba cha mwalimu, nikaisukumiza kati ya kitanda na ukuta. Nikateremsha sinia, chumvi, na birika la maji.

"Bwana, ndoo ule," nikamwita aje.

Akatoka chini ya kitanda na vumbi la mbao kwenye ndevu. Akaitazama meza.

"Wengine wa wapi?"

"Hawapo. Ni mimi nawe."

Akanawa, akakaa, akasema bismillahi, akala. Na mimi nikamtazama. Sikujua kwamba huwamenya kamba wote kwanza, akawapanga kwa mstari, ndipo akaanza kula. Miaka yote hiyo najua kola za kanzu zake, najua anavyokoroma, na hilo silijui. Sikujua pia kwamba hutafuna upande mmoja. Nilimmiminia maji. Nilimwongezea mchuzi. Maneno niliyokuwa nimeyaandaa tangu Matondoni yalikuwa mengi, nikawa nachagua la kuanzia.

Akala nusu yake barabara, asivuke hata punje. Upande wa pili wa sinia ulikuwa haujaguswa, na juu yake alikuwa ameweka kamba wanne waliomenywa. Akanawa, akahimidi, akainuka.

"Haya, nakupisha," akasema, kwa adabu kabisa. "Nawe ule."

Ndipo nilipojiona. Birika liko mkononi. Nilikuwa nimesimama tangu yeye alipokaa, mgongo wangu mlangoni, kama ninavyosimama nikipeleka maji sebuleni. Kiti cha pili hakikuwa kimevutwa. Nilikuwa nimemdharau kila mtu kutoka Amu mpaka Kiwayu, mmoja mmoja, kwa zamu, na mimi ndiye niliyesahau kukaa. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Nikaweka birika mezani. Nikavuta kiti, nikakaa.

"Usende," nikamwambia. "Kaa."

"Nimeshiba, mama."

"Kaa na shibe yako."

Akakaa ukingoni mwa kitanda ambacho hajakimaliza, mikono ingali majimaji, hajui macho ayaweke wapi. Alitazama dari, akatazama misumari yake, kisha akatazama mkono wangu ukienda na kurudi. Nikaanza na wale kamba alioniwekea. Mwanga wa dirishani ulikuwa unasogea polepole juu ya meza, maana maji yalikuwa yanageuka tena, na kazi yake ya asubuhi nzima ilikuwa inaharibika, naye akakaa pale pale. Kisha akakohoa kidogo, kama afanyavyo mbele ya mgeni.

"Chumvi yatosha?" akauliza.

Nimewapikia watu maisha yangu yote, na swali hilo sijawahi kuulizwa. Chumvi ilitosha, niliitia mwenyewe.

"Haitoshi," nikasema.

Akainuka kuitafuta. Kibakuli cha chumvi kilikuwa mezani, nyuma ya birika, karibu na kiwiko changu. Nikaendelea kula, nikamwacha atafute.