Namba Yangu ya Sumgait

Nilipelekwa Sumgait na serikali yetu ya Tanzania, enzi za Sovieti, kusomea uchomeleaji wa vyuma. Ni mji ulio kando ya Bahari ya Kaspi, na mgeni angeuona mbaya: dohani mpaka karibu na ufukwe, moshi wa rangi tatu, magorofa yaliyofanana hata nikaingia mara mbili kwa jirani na kuuliza chakula kiko wapi. Upepo ulitupokonya kofia. Lakini king'ora cha asubuhi kikilia, mji mzima ulimiminika viwandani, nami katikati yao nikijiona mtu kweli.

Pale kila mchomeleaji alikuwa na muhuri wake wa chuma wenye namba. Ukimaliza kuunga bomba, unaigonga namba yako pembeni.

"Likivuja miaka ishirini ijayo," fundi mkuu alikuwa akisema, "tutajua wa kumtukana."

Muhuri wangu ninao mpaka leo, nimeuning'iniza kwenye funguo za gari.

Mwaka jana karakana yetu hapa Saint Paul, Marekani, ilifungwa, nikaitwa kufanya jaribio la kazi kiwandani Eden Prairie, mji wa jirani. Kwa umri wangu, nikikosa hapo ndiyo basi tena. Asubuhi mke wangu akanimiminia chai.

"Baba watoto, nakuomba, kwenye interview usilete stori za Sovieti. Watakuona wa kale. Sema umesoma Dar."

"Mkataa kwao mtumwa," nikafoka.

"Kwenu Singida, si huko!"

Alinishinda. Nikaahidi kunyamaza.

Niliunga vipande viwili vya chuma, mshono ukatoka safi. Kisha mkono, bila kuniuliza, ukachomoa funguo, ukashika nyundo na kugonga namba yangu kando ya mshono. Ndipo nikakumbuka: kipande cha mtihani hakigongwi alama bila ruhusa! Msimamizi, kijana wa rika la kitinda mimba wangu, akakunja uso. Akakata ukanda wa chuma wenye mshono katikati, akaupinda kwa mashine kuupima mpaka ukawa kama mkono wa kikombe. Haukupasuka. Akaugeuzageuza, akarudi kuitazama alama.

"Namba hii ulipewa wapi?"

Nikamwambia, kifua mbele. Niliona fahari ambayo sikuwa nimeionja kwa miaka mingi.

Nyumbani mke wangu alinisubiri mlangoni.

"Hukuwaambia, au?"

"Wameniuliza wenyewe," nikasema. "Jumatatu naanza, kwa namba ileile."