Kungoja Mstari Upotee

Jumamosi, watu wa mtaa wa Kadutu wakienda kwenye harusi, mwalimu Bisimwa huchuchumaa uani kwake mbele ya sufuria ya maji ya uvuguvugu. Ndani yake amezamisha kichupa cha chuma chenye kidirisha cha kioo kinene, kilichojaa hewa ya ukaa, ile ile inayotoa povu kwenye soda, imeshindiliwa hadi nusu yake ikawa maji. Majirani wanasema amepungukiwa akili kidogo. Waseme tu, wanajua nini wao?

Anachotafuta ni umeme usiohitaji mvuke. Hewa hiyo ikibanwa na kupashwa moto inakuwa nzito karibu kama maji, na turbini ya kubeba kwapani inaweza kufanya kazi ya ile ya mvuke inayojaza chumba. Kwenye maabara kubwa za ng'ambo wameshaanza kuizungusha, ingawa chuma chao hulika, na hewa huponyoka kwenye viungo. Bisimwa bado yuko kwenye viungo. Kila mpira anaozibia huvimba kama andazi, kisha huvuja.

Alianza na Pascal, mwenzake wa chuo. Walishindana nani atauona kwanza mstari kati ya maji na hewa ukipotea kichupani, ishara kwamba viwili hivyo vimekuwa kitu kimoja. Aliyeuona alisema, "Imeenda." Kisha Pascal akapata nafasi Ubelgiji, na siku hizi haandiki. Bisimwa bado hulisema neno lile kwa sauti, peke yake, na upweke humwuma hapo kuliko mahali pengine popote.

Jumamosi hii umeme ulikatika, akapasha maji kwa mbabula, jiko lake la makaa. Mstari ulikuwa umeanza kufifia wakati jirani yake, Maman Adélaïde, alipoingia na kipande cha bati mkononi.

"Papa Bisimwa, unigawiye moto kidogo. Yangu imezimika, na maharagi haiyaiva."

Moto jirani hanyimwi. Akamchotea karibu makaa yote.

"Unangojaka nini mu ile kachupa?"

"Ile mustari, maman. Maji ikipata joto kidogo tena, itapotea."

"Na ukinipatia huu moto?"

"Nitaanza tena siku ingine."

Maman Adélaïde aliyatazama makaa, akayarudisha yote kwenye mbabula. "Maharagi itangoja," akasema, akakalia ndoo.

Wakangoja. Pembeni mwa kichupa viputo vikaanza kupanda. Mpira umevuja tena. Bisimwa akashusha pumzi. Kisha mstari ukatetemeka, ukawa mwembamba, ukatoweka.



"Papa, imeenda," akasema Maman Adélaïde.

Bisimwa alikuwa ameshauona kabla yake. Alinyamaza ili neno lile aliseme yeye.