Miwani Sita za Rhobi Magesa

Jumanne, tarehe 11 Machi 2025. Asubuhi kulikuwa na upepo wa ziwani na manyunyu mepesi. Saa nne yalikatika, jua likatoka kali, na mabati ya Nyasho yakaanza kutoa mvuke.

Siku hiyo ndiyo habari ilipofika kwenye chumba cha gemu cha Rhobi Magesa, pale Nyasho, Musoma. Aliyeileta ni Jilala, mwendesha bodaboda, ambaye abiria wakiadimika huegesha pikipiki yake mlangoni na kuingia kuvaa miwani na kudaka mipira ya hewani. Alisoma kwenye simu yake kwa sauti: Kurunzi, ile kampuni changa ya vijana wa Mwanza waliotengeneza miwani ya uhalisia pepe, ile ambayo ukiivaa unajiona uko ndani ya gemu, ilikuwa imenunuliwa. Mnunuzi alikuwa mojawapo ya yale makampuni makubwa ya ng'ambo ambayo simu ya kila mtu ina kitu chake, apende asipende.

Hakuna aliyepiga makofi. Mtu mmoja alikuwa katikati ya mchezo, miwani usoni, mikono hewani. Aliposikia, aliivua na kuiweka juu ya benchi taratibu kama mtu aliyeambiwa kwamba chakula alichokuwa akila kimeokotwa. Kabla ya saa sita mnunuzi alikuwa ameshapewa jina, Jitu, na jina likashika. Walisema Jitu likishanunua kitu kizuri hukikamua mpaka kinakauka, kisha hukitupa. Walisema vijana wa Mwanza wameuza roho. Jilala akasema si roho, roho ina bei. Hao wameuza kama mtu anavyouza baiskeli ya kuazima.

Aliyesema kwa ufasaha zaidi alikuwa Mwalimu Eliasi, anayefundisha fizikia sekondari, ambaye kila Jumamosi alikuja na kitambaa chake cha kufutia miwani kwa sababu hakuamini jasho la wengine. Siku hiyo alipita baada ya vipindi, akasimama katikati ya chumba akaeleza kwamba Jitu halina haja na gemu, lina haja na macho: mtu anaangalia wapi, anashtuka na nini, anasita kwa sekunde ngapi. "Mimi uso wangu hawaupati," alisema. "Na atakayewapa wake, asije akaniita rafiki." Wakaitikia wote. Mmoja alipendekeza wanaokataa waandike majina kwenye karatasi, wakaandika, kumi na wanane, wakaibandika ukutani.

Rhobi hakuandika jina. Alikuwa kwenye meza yake akikaza mkanda wa miwani uliolegea, na alisema tu kwamba watu wasichafue ukuta kwa gundi.

Alizaliwa Butiama, mtoto wa nne wa mfugaji, na mwaka huu anatimiza miaka arobaini na mitatu. Baada ya kidato cha nne alichapa barua za watu kwenye duka la vifaa vya ofisi Bunda kwa miaka tisa: maombi ya kazi, barua za posa, malalamiko kwa mtendaji. Wanaomjua tangu hapo wanasema alikuwa akirekebisha barua za wateja bila kuwauliza, na kama barua ilikuwa ya uongo aliichapa, lakini hakumwangalia mteja wakati wa kumkabidhi. Mumewe alifariki binti yao Esta akiwa darasa la pili. Alihamia Musoma, akapanga chumba, akaweka televisheni mbili na mashine za gemu za mpira. Watu walimcheka mwanamke wa makamo kukaa na vijana wanaopiga kelele mchana kutwa. Aliwaacha wacheke. Chumba chake kilikuwa safi, hapakuvutwa sigara, na aliyetukana alitolewa nje hata kama alikuwa anaongoza kwa mabao matatu.

Miwani zilikuja miaka minne iliyopita. Mashimba, mmoja wa waanzilishi wa Kurunzi, alizileta mwenyewe kutoka Mwanza, sita, kwenye begi la mgongoni. Alikuwa kijana mwembamba mwenye shati lililochanika kwapani. Alimwomba Rhobi aziweke chumbani kwake, wateja wazichezee, na kila Jumamosi amwandikie taarifa: nani amepata kizunguzungu, picha imekwama wapi, nini kimekatika. Kulikuwa na karatasi ya mkataba ya kurasa mbili iliyosema vifaa ni mali ya kampuni. Rhobi aliisoma, akasaini. Lakini lililomwingia si karatasi. Ni maneno ya Mashimba alipokuwa anakula ugali na sato mezani kwake, mbele ya Matrida, jirani anayeuza chakula mlango wa pili. Alisema, "Dada, hizi nimekuwekesha. Zitunze. Zikizaa, tutazaa wote."

Mtu wa Dar es Salaam angesikia maneno matamu tu. Rhobi alisikia kitu kingine, kwa sababu kwao kuwekesha ni jambo lenye utaratibu wake. Mtu ana ng'ombe wengi kuliko malisho, anampelekea mwenzake wachache awachunge. Mchungaji anakunywa maziwa, samadi ni yake. Ndama ni wa mwenye ng'ombe, lakini mchungaji akikaa nao vizuri hupewa ndama mmoja, hapo ndipo naye anaanza zizi lake. Na ng'ombe wa kuwekeshwa hakabidhiwi mtu mwingine, hata akija na barua, hata akija na askari. Aliyemleta ndiye anayekuja, anasimama zizini mbele ya shahidi, anamwonyesha kwa kidole na kumtaja kwa jina.

Kwa hiyo alizipa majina. Madoa ilikuwa imemwagikiwa chai. Kipara ilikuwa imechubuka mbele. Chongo ilisumbua kioo cha kushoto. Mkanda na Mzigo zilijieleza zenyewe. Ya sita, ambayo haikuwahi kuanguka hata mara moja, iliitwa Bibi Harusi. Na kila Jumamosi aliandika taarifa, kwa mtindo ule ule wa barua za Bunda, bila kuongeza chumvi. Aliandika kwamba wavuvi wa Kibara hawapati kizunguzungu kwenye mchezo wa mtumbwi lakini walimu wanapata. Aliandika kwamba akina mama waliosuka nywele hawawezi kufunga mkanda wa nyuma, akachora namna unavyoweza kubadilishwa. Taarifa mia moja tisini na saba. Majibu yalikuwa mafupi: asante dada, tumepokea.

Wiki moja baada ya habari ya Jilala, ukaja ujumbe wa Jitu kwenye simu ya Rhobi. Kufikia mwisho wa Machi kila atakayevaa miwani atahitaji akaunti ya Jitu, yenye namba yake ya simu na picha ya uso wake. Wenye vyumba walioazimwa vifaa wasaini mkataba mpya na kuwaandikisha wateja wao, au warudishe. Asiyefanya hivyo, miwani zake zitafungwa kutoka mbali. Rhobi hakuhitaji kuelezwa maana yake. Mashine za mpira zilikuwa zimezeeka, moja imekufa. Watu waliotoka Nyegina na Nyamuswa kuja kwake walifuata miwani. Bila hizo sita, chumba kilikuwa mabenchi na televisheni.

Alitazama ile orodha ya ukutani. Halafu akatazama wenye majina.

Wa kwanza kuanguka alikuwa muuza vocha, akasema amefungua akaunti ya kujaribu tu. Wa pili na wa tatu walifungua kwa sababu wa kwanza alipewa gemu mbili za bure. Ijumaa Jilala aliingia akicheka peke yake, akamwonyesha Rhobi simu: jina la Mwalimu Eliasi, picha yake, tabasamu la meno yote, na chini yake imeandikwa amejiunga Jumatano, tarehe 12 Machi. Siku moja tu baada ya hotuba yake.

Eliasi alipokuja Jumamosi na kitambaa chake, Jilala alimpisha kwenye benchi kwa heshima kubwa.

"Karibu mwalimu. Uso umeufuata au umewaachia moja kwa moja?"

"Jilala, mambo haya ni mapana. Nimeingia ili niwajue kwa ndani."

"Kwa ndani. Na zile gemu mbili za bure ulizichukua kwa ajili ya utafiti?"

"Ulizochukua wewe ulilipia?" Eliasi aliuliza, na Jilala akarudisha simu mfukoni, maana naye alikuwa nazo.

Rhobi aliwaangalia kama alivyokuwa akiwaangalia wenye barua za uongo, yaani hakuwaangalia. Aliondoka mezani, akabandua karatasi ukutani, akaikunja mara nne na kuwekea mguu wa benchi uliokuwa unayumba. Benchi likatulia.

Asingekuwa mkweli mtu akisema Rhobi hakujaribiwa. Jumapili baada ya misa alikaa na simu akaanza kujaza. Ilimwambia aweke uso katikati ya duara. Ikamwambia ageuke kushoto, kulia, ainue kidevu. Alikuwa ameshageuka kushoto alipokumbuka mnada wa Butiama, namna madalali wanavyomshika mbuzi taya kumwangalia meno. Akaizima. Jumatatu akawaandikia Jitu kwa Kiswahili, mistari mitano, kwamba miwani hizo aliwekeshwa na Mashimba wa Mwanza, hivyo aje Mashimba mwenyewe azionyeshe, na yeye atazikabidhi siku hiyo hiyo. Mtu mwenye uzoefu wa makampuni angemwambia barua kama hiyo inasomwa na mashine na kutupwa. Lakini alituma nakala kwa Mashimba pia, na Mashimba, ambaye ni mtoto wa wafugaji, aliielewa.

Alikuja Alhamisi tarehe 27, saa saba mchana, kwa gari jeupe lenye dereva. Alikuwa amenenepa. Shati lilikuwa jipya, na kifuani lilikuwa na nembo ya Jitu. Rhobi alimwita Matrida awe shahidi kama alivyokuwa siku ya kwanza. Matrida akaja akifuta mikono, akamkagua mgeni juu mpaka chini, akauliza kama gari nalo limemeza ng'ombe mzima au ni yeye peke yake. Jilala na Eliasi walisimama mlangoni.

Mashimba hakuja kuchukua, alikuja kubembeleza. Alieleza kwamba Jitu linataka vyumba kama hiki katika mikoa yote. Asaini tu, aandikishe wateja, atapewa miwani mpya kumi, yeye mwenyewe ataitwa balozi wa kanda. Alimwekea mezani fulana na chupa ya maji yenye nembo. Kisha, akitaka kumfurahisha, akasema lile ambalo hakupaswa kulisema.

"Dada, walipokuja kukagua kampuni yetu, kitu cha kwanza walichokisifu ni taarifa zako. Wamezitafsiri zote. Ule mkanda uliouchora ndio unaotumika sasa dunia nzima. Ukweli ni kwamba walichonunua, sehemu kubwa ni zile taarifa za Musoma."



"Kumbe zilizaa," Rhobi alisema.

"Dada?"

"Uliniambiaga zikizaa tutazaa wote. Zimezaa, ukauza ndama na mama zao. Wangu yuko wapi?"

Mashimba akaitazama fulana mezani, na hakuisogeza. Alisema mambo ya wanasheria, ya hisa, kwamba hata yeye hakuwa na kauli. Rhobi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akazipanga miwani sita juu ya benchi.

"Zitaje," alisema. "Ukizitaja zote, nasaini."

Mashimba aliinama. Akazigeuza, akasoma namba zilizochapwa chini. Alianza kusoma ya kwanza, tarakimu kumi na mbili, na alipofika ya saba Matrida aliguna, naye akaacha. Aliweza kutaja moja, Chongo, kwa sababu taarifa kama ishirini zililalamikia kile kioo. Nyingine hakuzijua. Miaka minne alikuwa ameandikiwa majina yao kila Jumamosi.

Rhobi alimfungashia tano kwenye mfuko wa salfeti wa kubebea nafaka, kila moja na waya wake. Bibi Harusi akaibakiza mezani.

"Hiyo pia ni ya kampuni, dada. Na kwa kuwa hukusaini, zinafungwa leo saa kumi. Itakuwa kopo tu."

"Kopo langu," Rhobi alisema. "Andika huko kwamba mchungaji amechukua ndama wake. Chakula kipo kwa Matrida kama una njaa, ila leo utalipia."

Mashimba aliandika kwenye simu kwamba kifaa kimoja hakijarejeshwa, akasahau fulana, akaondoka. Saa kumi kamili taa ndogo ya Bibi Harusi iligeuka nyekundu, halafu ikazimika. Eliasi alianza kusema kwamba kisheria jambo hili lingeweza kuangaliwa upya. Rhobi alimwambia kama hachezi mpira apishe wanaocheza.

Asubuhi iliyofuata, Ijumaa, alifungua mapema kuliko kawaida. Alisogeza mabenchi yote ukutani, akapima sakafu kwa futi kamba, urefu na upana, mara mbili, akaandika vipimo kwenye kiganja. Kisha akafunga mlango, akapanda basi kwenda Bunda, ambako mtu aliyefunga baa yake alikuwa anauza meza ya pool.