Kocha Ambaye Hakutupwa Majini

Rozália Kun alinyang'anywa mwanafunzi wake. Alimfundisha Emőke Bartalos kuogelea tangu mtoto huyo akiogopa hata kulowesha masikio, akamlea mpaka akafaa mbio za taifa, kisha klabu ikamkabidhi msichana kwa Dezső Halmai, mwanamume mwenye cheti cha ukocha. Mpaka leo Dezső ndiye anayeitwa mlezi wa bingwa.

Rozália alikuwa mhudumu wa bafu la umma la mji wa Mezőhalom, lenye bwawa la kuogelea na jingine la maji ya moto. Kazi yake ilikuwa kufungua makabati, kupiga deki na kuwafokea wazee wanaocheza sataranji ndani ya maji ya moto. Shule aliiacha mapema akachume pilipili na mama yake, na kuogelea alijifunzia mtoni Tisza. Asubuhi, kabla watu hawajaingia, alimfunga Emőke kiunoni kitanzi cha kamba kilichoning'inia kwenye ncha ya mti mrefu alioushika mkononi, akatembea ukingoni mwa bwawa huku mtoto akitapatapa chini yake.

"Usiyanywe yote, wazee wataogea nini?" alimwambia. Mtoto akicheka, woga unamtoka.

Waogeleaji wa huko wakishinda humbeba kocha wao na kumtupa majini na nguo zake. Siku ya mbio za taifa Rozália alijua kwamba kwenye karatasi kocha ni Dezső. Lakini wa kutupwa huchaguliwa na aliyeshinda, si na karatasi. Basi aliacha saa yake ya mkono nyumbani, akatia nguo kavu kwenye mfuko, akapanda treni kwenda Budapest.

Emőke alishinda. Rozália akateremka ngazi za watazamaji mpaka kwenye kizuizi, akavua viatu. Msichana akamwona, wakatazamana. Kisha yeye na wenzake wakamshika Dezső mikono na miguu, wakamrusha, na watu wote wakashangilia. Rozália akavaa viatu vyake. Kwenye treni ya kurudi behewa lilikuwa na baridi, akatoa sweta kavu mfukoni, akalivaa.

Miaka ikapita. Mwaka huu wakaja watu wa filamu kupiga picha za utoto wa Emőke, na yeye mwenyewe akaja nao.

"Rozi, paka midomo rangi, umeshakuwa mwigizaji!" mzee Vendel alimtania kutoka kwenye maji ya moto.

"Wewe zamisha hilo tumbo kwanza, litaziba kamera."

Lakini filamu ikishatoka bila jina lake, nani tena atamsikiliza? Akamkuta Emőke kwenye makabati.

"Shangazi Rozi! Hujazeeka hata kidogo."

"Acha uongo, binti. Kwenye filamu yenu, nani anashika ule mti?"

Emőke akainamisha uso. "Dezső. Yaani, anayemwigiza."

"Dezső hajawahi kuugusa."

"Najua."

"Basi waambie."

"Shangazi, miaka yote hii kila nikiulizwa nimemtaja yeye. Leo nikikutaja wewe, si nitaonekana nilikuwa nadanganya?"

"Ulikuwa unadanganya."

Emőke akachezea ufunguo wa kabati. "Nimekuombea nafasi. Utapita nyuma yao ukipiga deki. Wameniahidi uso wako utaonekana."

"Deki napiga kila siku. Kwa hilo sihitaji kuombewa."

Alikataa. Akaketi chumba cha wahudumu, akidhani labda watamfuata. Hawakumfuata. Walimwita Ilonka, muuza mikate ya kukaanga pale mlangoni, wakamvika aproni ya Rozália na kumpa ndoo yake. Kupitia kioo cha mlango Rozália aliwaona wote: mwanamume akitembea na mti, mtoto akining'inia kwenye kitanzi, na Ilonka nyuma yao akifuta sakafu iliyokwisha kufutwa.

"Umeniona, Rozi?" Ilonka alimuuliza baadaye, akirudisha aproni. "Nilikuwa mzuri?"

"Umeacha povu pembeni."

Dezső Halmai ana deni la kusema kwamba alipokabidhiwa yule msichana, msichana alikuwa tayari anaogelea vizuri kuliko wote. Hatasema. Na Emőke Bartalos anadaiwa sentensi moja, aitamke kwa kinywa chake pale pale bafuni, mbele ya kina mama wanaoleta watoto wao Jumamosi: huyu ndiye aliyenifundisha. Hajaitamka, na filamu imekwisha kupigwa.